Jina Alilolitaja Sabina

Sabina alipotaja jina la Bernadeta, mama yake, Kashindye, aliinuka kwenye benchi la wodi akafunga upya kanga kiunoni.

Msichana alikuwa ametoka kushonwa jeraha la bati mguuni. Macho yalikuwa wazi, ameyakodoa darini, pumzi inakwenda vizuri, na mdomo unasema, "Bernadeta ananikaba. Mtoeni."

Kashindye hakushangaa. Bernadeta ndiye aliyemnyang'anya nafasi yake kwenye lango la kiwanda cha samaki, pale wanawake wa Kirumba wanapogombania mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapelekwa Ulaya. Kumbe mapanki hayakumtosha, sasa kamfuata mtoto kwa uchawi. Akamwita kaka yake Luhaga, naye akaja na rungu, akaketi nje.

"Wewe sema neno tu, dada."

Daktari Deodatus alisikia. "Mama Sabina, hiyo ni dawa ya usingizi tuliyomchoma."

"Aliyelala anakodoa macho, daktari?"

"Kwa dawa hii, ndiyo. Kwenye ubongo kuna protini zinazopokea habari kutoka kwa kemikali iitwayo glutameti. Ni ndugu, ila kila aina ina koo la umbo lake. Dawa hii inakwama kwenye koo la aina moja, kama mfupa wa sangara. Kwa aina nyingine haipati pa kushika. Ndiyo maana maumivu hayamfikii, lakini anapumua, na anaota macho wazi."

Habari za mfupa kukwama Kashindye alizijua. Hasira ndiyo iliyokataa kushuka.

"Basi dawa yako imemchaguaje Bernadeta, na Kirumba imejaa watu?"

"Dawa inachagua protini, mama. Majina haiyajui. Hilo amelitoa kwenye yale anayoyasikia nyumbani."

Kila jioni Kashindye alimlaani Bernadeta kwa sauti juu ya karai la mapanki, na Sabina kando yake akimenya vitunguu.

Nje, Luhaga alisimama. "Ni yeye?"

Neno moja tu, ndiyo, lingetosha. Kashindye alilisikia ulimini, tamu kuliko alivyodhani.

"Ni sindano," alisema, kwa uchungu wa mtu aliyenyang'anywa mara ya pili. "Rudisha rungu lako nyumbani."

"Una uhakika?"

"Nimesema ni sindano. Bernadeta niachie mimi. Kesho nitamtangulia langoni, nisimame palepale pangu. Anitoe akiweza."