Chupa Iliyoandikwa Ningu

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi wa Maabara, Mjaluo wa ziwani, alinipokea kwa ndoo ya chupa chafu. "Mkurya wa Kerende kwenye kituo cha samaki! Dada, samaki ana kwato ngapi?"

"Sijui. Chupa najua kuosha."

Niliacha shule darasa la tano wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na kituo chetu kilikuwa chumba kimoja pale Tarime. Mtafiti Mkuu alikuwa akikatakata pezi la samaki na kuliweka kwenye chupa yenye maji ya lishe. Seli, yaani chembe ndogo zinazojenga mwili, ziliendelea kuzaana humo wakati samaki mwenyewe alishaliwa zamani. Hazikuhitaji mashine ya joto, kabati lilitosha. Tulikuza za aina mbili za samaki wa Mto Mara: ningu na kambale.

Nilipofundishwa hadubini, jambo moja lilinisumbua. Mtoni kambale ana sharubu na ningu ana magamba, lakini ndani ya chupa wanafanana. Tunawajuaje?

"Tunasoma lebo," Fundi akasema.

Nikamwambia kwetu jibu hilo halitoshi. Ng'ombe wa wizi hukatwa alama mpya sikioni. Wazee hawaangalii sikio; humwachilia ndama, waone atamkimbilia mama yupi.

Kisha chupa za ningu zikaanza kujaa haraka, kama za kambale. Nikakumbuka: siku bomba lilipokauka, nikakosa maji ya kuoshea, nilitumia pipeti moja, kile kijibomba cha kioo, kwa aina zote mbili; huenda seli za kambale ziliingia kwa ningu. Na Mtafiti alikuwa anajiandaa kuwapelekea wenzake seli hizo kama ningu. Nikisema, nitafukuzwa, na wadogo zangu watakula nini? Nilikaa nalo siku mbili.

"Shikamoo, Ndugu Mtafiti. Nimeharibu."

Hakunigombeza. Alimchoma sungura sindano ya seli za kambale, na baada ya majuma kadhaa akachukua seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda. Seramu hiyo hushikamanisha seli za kambale. Tulipoijaribu kwa ningu mbichi wa mtoni, seli zilibaki zimetawanyika. Kwa chupa yetu, zikashikana mafungu mafungu.

Nikaanza kuvua koti la kazi.

"Ngoja," akasema. "Mama wa chupa hizi, chupa ya kwanza zilikotoka zote, yuko Mwanza. Nilimwacha huko kabla hujaajiriwa."

Chupa ikaja kwa basi, lebo ikisema ningu kwa mwandiko wake. Tukaweka tone la seramu. Seli zikashikana vilevile.

Alivua miwani. "Hii niliipanda mimi, Ndugu Bhoke; kambale aliingia kabla yako. Wewe vaa koti."

Fundi akacheka mpaka akakaa. "Haya, Mkurya! Ndama kampata mama yake."

Tangu siku hiyo hakuna chupa iliyotoka bila kupita mkononi mwangu, chini ya wakuu wa kituo wanne, mpaka nilipostaafu. Sasa nalima huko Morotonga. Vijana wa maabara hunitembelea na kunieleza mashine zinazosoma chembe za urithi za samaki. Nawasikiliza kwa hamu, kisha nawauliza: ile chupa ya kwanza kabisa, mliyoipanda wenyewe, mmeipima?