Kipande cha Shimizi ya Mama

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu nilimfanyia mama kosa ambalo sijawahi kumwambia. Nalisema leo nikiwa Doha, chumbani kwangu mtaa wa Najma, simu mkononi, na kutulia siwezi.

Shuleni kwetu karibu na Kitale alikuwepo mtawa wa Ireland, Sista Una. Alitusimulia kwamba kwao zamani mapadre waliwindwa, wakawa wanasoma misa kwa kujificha kando ya visima, mtoto mmoja akilinda njia. Visima hivyo vikawa vitakatifu. Hadi leo, alisema, mgonjwa hukata kipande cha nguo yake, hukichovya majini na kukifunga mtini. Kitambaa kikioza, ugonjwa nao umekwisha.

Mimi na kiherehere changu nikaona maji ni maji. Mama alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Nikakata pindo la shimizi yake ya bluu, nikalichovya kwenye chemchemi nyuma ya shule, nikalifunga mtini. Kila jioni nilipita kuangalia. Mvua ilinyesha, jua likawaka, kitambaa kinang'aa tu. Nikamwuliza Sista.

"Ni kitambaa gani, mwanangu?"

"Nailoni."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Hiyo haiozi."

Mimi sikucheka. Nilijua nimemfungia mama ugonjwa wake. Nikaenda kukifungua, fundo likagoma, na kukichana nikaogopa.

Mama alipona kwa sindano za zahanati. Nikajiambia yamepita.

Sasa kikohozi kimerudi, amelazwa. Mimi nalinda mlango wa hoteli huku Doha, mtaa wa West Bay, nawafungulia watu nisiowajua, na ruhusa ya kwenda nyumbani nimenyimwa hadi mwisho wa mwezi. Asubuhi nilimpigia mdogo wangu Wafula, nikamweleza mti ulipo, nikamwomba akakitafute kile kitambaa.

"Dada, mama yuko hospitali, wewe unanituma tambara?"

"Nenda tu, Wafula. Nakuomba."

Alikwenda, akanitumia picha. Bluu imepauka, lakini kipo, gome la mti limekizunguka. Akaandika: "Mti umekimeza. Nifanyeje?"

Najua mama anahitaji dawa, si panga la Wafula. Lakini kumpa maji siwezi, kumsugua mgongo akikohoa siwezi, na hofu ya yule mtoto wa darasa la tatu bado ninayo yote. Nikamjibu: "Kata tawi zima. Kisha rudi ukae naye, umshike mkono, umwambie ni mimi."