Miti Isiyohesabiwa

Moshi wa korosho zinazokaangwa ni mkali. Huingia machoni, hukwaruza koo, na mafuta yake yakikurukia, ngozi hubambuka. Juzi nikipita Ukunda nilimkuta mama mmoja akizikaanga juu ya debe lililotobolewa, nikasimama pale hadi machozi yakanitoka. Akaniomba radhi kwa ajili ya moshi. Nikamwacha aamini kuwa ni moshi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba Msambweni, karibu na ufuo. Miaka ile ya hamsini niliishi naye peke yangu, na kazi yetu ya alasiri ilikuwa kukaanga korosho na kuzibangua. Hapo tulikuwa na mchezo wetu. Yeye huanza: tele. Mimi: kochokocho. Yeye: chungu nzima. Mimi: pomoni. Wingi ukituishia tulihamia kwenye upana: pasi mwisho, bila kikomo, hadi macho yachoke. Aliyerudia neno ndiye aliyehamia upande wa moshi. Bibi hakuwahi kushika kalamu, lakini aliyekula moshi siku zote alikuwa mimi niliyekwenda skuli.

Kwake yeye haukuwa mchezo tu. Kitu chenye uhai hakikuhesabiwa. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, alikujibu si haba, alhamdulillahi. Kuku wake walikuwa wapo wapo. Alisema kuhesabu ni kumwita hasidi na kumwonyesha njia ya kuingilia. Jirani yetu Bwana Bakari alikuwa akizunguka shambani mwake akihesabu minazi kwa sauti, na kila mmoja akiupaka alama ya chokaa. Tulimcheka sana. Lakini mimi, kwa utundu, niliwahi kuihesabu miti yetu kimyakimya: minazi arobaini na mitatu, mikorosho kumi na tisa. Niliona haya kana kwamba nimeiba, sikumwambia mtu.

Kisha zikaja habari kuwa mzungu mmoja anautaka ufuo ule. Karani angetumwa kutoka Kwale kuandika nani ana nini, na mzee wa mtaa akapita nyumba kwa nyumba kutuonya: kisichoandikwa kitakuwa pori, na pori ni la serikali. Bibi alimsikia, ila nadhani hakumwamini. Nani Msambweni asiyejua kuwa shamba lile ni lake?

Karani alikuja asubuhi na daftari lake, kijana mpole, akamwamkia Bibi shikamoo. Bibi akamtandikia mkeka, akampasulia dafu. Karani akauliza shamba laanzia wapi. Bibi akaonyesha kwa kidevu, pale. Na laishia wapi? Kule. Kule wapi? Kule, mwanangu, hadi macho yachoke. Akauliza habari za miti, akaambiwa miti ipo, si haba, Mungu ndiye ajuaye. Yule kijana akafuta jasho, akanigeukia mimi.

"Wewe unasoma. Niambie, minazi yenu mingapi?"

Idadi nilikuwa nayo mdomoni. Bibi alinitazama kama mtu aonaye mkono wa mtoto ukielekea motoni. Nikachagua neno zuri kuliko yote niliyokuwa nayo.

"Haina idadi, bwana."

Bibi akacheka kwa raha, akanipapasa kichwa. Sijapata kumfurahisha vile, kabla ya siku ile wala baada yake. Karani alitutazama kwa zamu, akaandika, akashukuru kwa dafu, akaenda kwa Bwana Bakari.

Haikupita miezi mingi tukaitwa Kwale kusomewa yaliyoandikwa. Kando ya jina la Bibi paliandikwa kuwa mipaka haijulikani, na miti haijulikani. Bibi akauliza kwa upole kama hawakuandika kwamba ni tele. Aliyekuwa akisoma akaita jina lililofuata. Hapo ndipo nilipopaza sauti, arobaini na mitatu, kumi na tisa, nikairudia na kuirudia, wakaniambia daftari limekwisha fungwa. Bibi akageuka kunitazama. Hakuniuliza nilihesabu lini.

Seng'enge ya mzungu ilipopigwa, ilipita ubavuni mwa minazi ya Bwana Bakari ikaiacha nje, yote, na chokaa yake. Shamba letu likawa ndani, nasi tukahamia Matuga kwa mjomba.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba maneno yale ya Bibi yalikuwa ya watu wanaojuana. Penye majirani, kule ni kule, na kila mtu anapajua. Mbele ya mgeni mwenye daftari, kisicho na mpaka huwa hakina mwenyewe. Yule karani simchukii, aliuliza tu. Mzungu namchukia hadi leo, ingawa sikupata kuiona sura yake. Nafsi yangu nayo sijaisamehe, maana mtu pekee aliyejua jibu siku ile alikuwa mimi.

Nyuma ya nyumba ya mjomba palikuwa na mkorosho mmoja. Msimu wa kwanza Bibi aliokota korosho zake, akakaanga, tukakaa kubangua kama zamani. Nikaanza mimi, nikitaka kumchangamsha.

"Tele," nikasema.

Bibi aliinamia ungo. Kisha akachukua korosho moja kwa ncha za vidole, akaiweka pembeni.

"Moja," akasema. Akachukua nyingine. "Mbili."