Basi la Shule Lililokuja Bila Kunguruma

Jamani, najua hili mmeshalisikia, na kila mtu kalisikia na chumvi yake, kwa hiyo leo nalisema mwenyewe, kwa mdomo huu huu ambao siku ile niliutumia badala ya injini. Ndiyo, mmesikia vizuri. Mimi, mwalimu mkuu, mtu wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa, mwenye wajukuu wawili na suti ya kijivu, nilikaa nyuma ya usukani wa basi la shule nikanguruma kwa mdomo mbele ya wageni wa serikali. Msicheke kwanza. Nguvu za kucheka zitunzeni, yapo makubwa zaidi ya hilo.

Shule yetu mnaijua, ile ya mbele ya Mvumi, unaiacha lami unashika njia ya vumbi mpaka unaona bomba la maji na madarasa saba. Watoto wengi wanatoka karibu, isipokuwa wale wa kitongoji cha Ng'ambo, ambao ili wafike shuleni inabidi wapite mashamba ya uwele, washuke kwenye korongo la mchanga, wapande tena, na wakishapanda bado wana safari. Wa darasa la kwanza wanaondoka nyumbani jua halijatoka, wanafika kipindi cha pili kinaendelea, na mimi (nisikilizeni hapa, maana kosa kubwa liko hapa, si kwenye kunguruma) nilikuwa nawasubiri getini. Sikuwachapa, hapana, mimi si mtu wa fimbo. Sheria yangu ilikuwa moja tu: mchelewaji anachukua ndoo, anamwagilia miti mitano, ndipo anaingia darasani. Niliiona ni adhabu yenye faida, na miti ilistawi kwelikweli, nikawa naisifia kwa wageni.

Kwa ajili ya watoto hao hao wa Ng'ambo tulipewa basi dogo la njano. Lilifanya kazi muhula mmoja, likaanza kutoa moshi, injini ikashushwa ikapelekwa kwa fundi mjini, fundi akahama, na injini hatukuiona tena. Basi likabaki nyuma ya jiko la shule. Na kwa kuwa chini ya boneti palikuwa na nafasi nzuri yenye kivuli, kuku wa mpishi wetu akapahamia, akawa anataga humo, anatotoa humo, na mtu akipita karibu anafokewa.

Sasa siku moja ikaja fomu ya kwenye simu. Wakubwa walitaka kujua mabasi ya shule yana hali gani. Kwetu mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya vyoo, kwingine hakuna, kwa hiyo nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu, jua la saa saba linanichoma upara, chaji inakaribia kwisha, na siafu wameshaanza kupanda suruali. Swali lilikuwa jepesi: basi linafanya kazi, au halifanyi kazi? Nikagusa "halifanyi kazi". Zikafunguka kurasa tatu, eleza tatizo, taja fundi, weka picha nne, weka saini ya mwenyekiti wa kijiji, ya mtendaji, na ya mtu mwingine ambaye siku ile sikumjua ni nani. Nikarudi nyuma, nikagusa "linafanya kazi". Simu ikaniandikia asante. Nikashuka nikaenda kula ugali, tena nilikula vizuri.

Wiki tatu baadaye mratibu elimu wa kata akanipigia, furaha imemjaa mpaka anakohoa. Ananipongeza. Katika shule zote za upande wetu zilizopewa basi, ni sisi peke yetu tuliosema letu zima, kwa hiyo tumekuwa shule ya mfano, na kamati ya ukaguzi inakuja Alhamisi kuliona basi likileta watoto. Mtu mwenye akili angesema palepale, ndugu yangu, nilikosea, lile basi ni banda la kuku. Mimi nikasema, "Karibuni sana."

Nikaita kikao cha walimu. Mwalimu Ndahani wa hesabu (bingwa wa kutafuta majibu ya maswali ambayo hayakupaswa kuulizwa) akasema tatizo ni dogo, shule ipo chini ya kilima, na kitu chenye magurudumu kikiachiwa juu lazima kifike chini. Mteremko si mkali, mbele ya ofisi kuna mchanga mwingi, litasimama lenyewe. Asubuhi ng'ombe wa kulimia watalivuta mpaka juu. Nikauliza, na watoto ndani? Hapo nilikataa katakata kupakia mtoto kwenye gari lisilo na breki, maana hata uongo una mipaka yake. Basi Ndahani akasema sisi walimu tuvae sweta za shule, tuinamishe vichwa, kwa mbali kwenye vumbi nani atajua? Nikaona hilo lina busara. Msiniulize kwa nini niliona lina busara.

Likabaki suala la sauti. Gari linalokuja kimyakimya linashtua watu. Ndipo nikamkumbuka Mama Sechelela, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa ngoma za muheme, maana akina mama wale wakizikalia ngoma zao hata ukiitwa jina lako husikii. Kwao ni Ng'ambo, na bintiye mdogo, Nyemo, yuko darasa la kwanza kwetu. Nikamwendea, nikamwamkia vizuri, nikamweleza kwamba yeye na wenzake wapige ngoma tangu basi linapotokea kilimani mpaka lisimame. Akanimiminia togwa, kisha akauliza.

"Mwalimu, na hilo basi litatengenezwa?"

"Wageni wakifurahi, mama, watatutengenezea," nikamjibu.

Akasema sawa, kama ni kwa ajili ya basi atapiga. Nilimdanganya mama wa watu, tena kwake, nimekalia kigoda chake na nakunywa togwa yake.

Alhamisi ikafika. Mlinzi wa shule, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wetu enzi za uhai wa basi, alikataa kushika usukani, akasema yeye sasa ameajiriwa kulinda, si kuteremka. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda, na suti yangu ya kijivu, nyuma yangu walimu wanne wamevaa sweta za watoto, mikono imeishia kwenye viwiko, Ndahani na ndevu zake yuko dirishani. Kuku hakukubali kutoka. Alikuwa analalia, na mpishi alituambia atakayemgusa hatapata uji mpaka shule ifungwe. Tukamwacha.

Yaliyotokea chini niliambiwa baadaye. Msemaji wa kamati, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliwasalimia watu kwa lugha ya kwetu, "mbukwenyi", akapigiwa vigelegele, akapokea zawadi ya shuka la mgolole, kisha akatoa habari ambayo mimi kule juu sikuisikia. Alisema wana injini moja, nzima, iko tayari, ya kupewa shule moja yenye basi bovu. Akasema ninyi hapa hamna shida, basi lenu zima na watoto wa Ng'ambo wanapanda kila siku, kwa hiyo injini inakwenda shule nyingine, upande wa Mpwapwa. Watu wakapiga makofi. Mwalimu wa zamu, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa ishara, akapunga kitambaa, na ngoma zikaanza.

Jiwe lililozuia gurudumu likaondolewa. Basi likaanza kuteremka taratibu, vumbi linapanda, ngoma zinarindima, na nakiri kwamba kwa muda mfupi niliona raha, nikajiona mtu mkubwa, nikatoa mkono dirishani nikapunga. Tulipofika katikati ya mteremko ngoma zikanyamaza.

Mama Sechelela alikuwa anapiga huku lile neno la injini linazunguka kichwani, likamkaa, akainua mikono juu ya ngoma na wenzake wote wakainua. Akaiweka ngoma yake chini na kuikalia.

Nyie, mnajua kimya cha watu mia tatu? Kilichosikika ni matairi kwenye changarawe na mlango mmoja unaopigapiga, halafu kuku, ambaye mtikisiko ulimkera, akaanza kufoka chini ya boneti. Na mimi, badala ya kuikubali aibu nikiwa bado mzima, nikafungua mdomo nikafanya "ngrrrrrr". Kwa nini? Sijui. Nafikiri mwili ulitafuta kitu cha kufanya. Ndahani akafikiri ni amri ya mkuu wake, akaingia, "ngrrrrrr", na wale watatu nao wakaingia, mmoja mpaka akabadilisha gia. Tukapita mbele ya turubai la wageni kwa mwendo wa mtu anayetembea, watu wazima watano tunanguruma, mimi napunga, wageni wananitazama usoni, na nilikuwa karibu nao kiasi kwamba ingekuwa utovu wa adabu kutowasalimia, kwa hiyo katikati ya kunguruma nikasema, "Shikamooni." Mchanga ukatushika. Basi likasimama. Walimu wangu kwa hofu wakasimama wima ndani kama wanafunzi na kuitikia kwa pamoja, "Shikamoo mgeni!"

Yule mama mwenye miwani akaja polepole. Hakukasirika, na bora angekasirika. Akasema anahitaji kuandika namba ya injini, ndiyo taratibu ya kuhakiki mali, akaniomba nifungue boneti. Nikafungua. Kuku akamwangalia. Yeye akamwangalia kuku. Akashika kalamu juu ya karatasi.

"Mwalimu mkuu, hapa naandika nini?"

"Andika kuku, mama," nikasema.

Pale pale nikasema yote, kichuguu, kurasa tatu, ng'ombe, sweta, sikubakiza. Nilipomaliza Mama Sechelela akatoka kwenye ngoma yake, akapita watu wote, akasimama mbele ya yule mgeni akamuuliza, kwa adabu kabisa, kama injini ile haiwezi kubaki hapa. Yule mama akavua miwani. Akamwambia, "Wale wenzenu walisema basi lao bovu, tukawaandika. Ninyi mlisema lenu zima. Orodha imeshasainiwa, mama, siwezi kuivunja." Akatuahidi kutuweka wa kwanza injini nyingine ikipatikana. Itapatikana lini, hakusema. Mama Sechelela akaitikia haya, akarudi, akajitwisha ngoma yake, na aliponipita hakunitazama. Niligombezwa na mratibu, niliandikiwa barua, mjini walinicheka, na vyote hivyo nilivivumilia. Kupitwa vile na yule mama bado kunaniuma.

Wazazi wakaitisha kikao. Wengine walitaka nihamishwe, mwingine alitaka nilipe. Mama Sechelela ndiye aliyekata shauri: nisihamishwe, nibaki, ila mpaka basi litengenezwe niwe nakwenda Ng'ambo alfajiri na kuja shuleni na watoto kwa miguu, kila siku ya shule. Kikao kikapiga makofi. Hata mke wangu alipiga.

Nimeapa, na ninyi ni mashahidi, fomu ikija sitasema kitu ambacho sijakiona kwa macho. Ilikuja tena mwezi uliopita, nikapanda kichuguu, nikagusa "halifanyi kazi", nikajaza kurasa zote tatu huku siafu wananila, nikazifuata saini zote mpaka ya yule mtu niliyekuwa simjui, na katika picha nne moja niliweka ya kuku na vifaranga wake. Tunasubiri. Bado natembea.

Lakini Jumatatu ile ya kwanza sitaisahau. Watoto kumi na tisa, giza halijaisha vizuri, mimi na viatu vyangu vya ofisini. Nyemo ndiye aliyenionyesha pa kuvulia viatu kwenye korongo na pa kukanyaga tunapopanda. Tulipotokea upande wa pili pumzi sina, nikawaambia watoto tukae kidogo tupumzike. Wote wakasimama wakitazamana. Nyemo akasema, "Mwalimu, tukikaa tutachelewa. Tukichelewa tutamwagilia."

Sikukaa. Na bado tulichelewa, kipindi cha pili kilikuwa kinaendelea. Getini alikuwepo Mwalimu Ndahani, siku hiyo zamu ni yake, na ndoo zimepangwa mstari kama nilivyomfundisha mwenyewe. Akaangalia saa, akaniangalia mimi. Nikawaambia watoto waingie darasani, wote, na sheria ile imekufa leo. Wakaingia wakigeukageuka kunitazama, hawaamini. Mimi nikavua koti, nikachukua ndoo. Miti mitano kwa kila mtoto, na watoto walikuwa kumi na tisa. Miti ikaisha, nikaanza kuirudia. Uji ulipogawiwa bado nilikuwa namwagilia.