Mkono Uliodaka Mpira Mweupe

Mimi hasira zangu ziko karibu, na wanaonijua pale sokoni Soweto, Mbeya, hunishauri nisiisimulie habari hii kabla sijala. Leo nimekula. Bado inaniuma.

Meza ya pool ya baa yetu ilikuwa na ugonjwa. Mpira mweupe, ule tunaoupiga kwa fimbo, ukitumbukia shimoni haukurudi. Ulibaki tumboni mwa meza mpaka mwenye baa aje na ufunguo, naye mwenye baa anakaa Uyole na hana haraka na mtu. Katikati ya gemu mweupe hauguswi kwa mkono, tulisubiri. Lakini mpira mweusi, ule wa mwisho, ukishazama, gemu imekwisha, sasa usubiri nini? Ndiyo maana tukicheza wawili wawili, mmoja akipiga mweusi, mwenzake husimama upande wa pili mkono tayari. Mweusi ukizama, anadaka mweupe. Asiyedaka alizomewa jioni nzima.

Mwenzangu alikuwa mdakaji kuliko wote. Mhehe, mtu mzima, aliacha chuo cha Biblia akaja kubeba magunia ya mpunga kule Ubaruku, mwisho akaangukia Soweto na kukutana na mimi, muuza mitumba wa Kinyakyusa nisiyejua kunyamaza. Mimi nilifoka, yeye alicheka, na tukashinda. Tulishinda Mbeya, tukashinda kanda, mpaka tukaitwa timu ya taifa, jozi ya mwanamke na mwanaume, tukapambane na mataifa mengine ng'ambo ya mpaka wa Tunduma.

Watu walidhani anakwenda kutafuta kikombe. Alikuwa anamtafuta baba yake. Mzee ni mzee wa kanisa la Kilutheri, kijiji kimoja nje ya Iringa mjini, na tangu mwanawe aache chuo hakupokea simu yake. Aliposikia habari ya timu ya taifa, alinipigia mimi. Akasema, "Mwanangu, mchezo huo ni wa walevi. Ila nchi ni nchi. Mwambie akishinda aje, nitamsimamisha kanisani nimtambulishe kwa watu kuwa ni mtoto wangu. Akishindwa, hiyo fimbo asiipitishe kwenye mlango wangu."

Nilipompa ujumbe ule, mwenzangu alikaa chini kwenye kreti la soda akafuta macho. Alininunulia chai, yeye asiyenunuaga kitu.

Basi tukaenda, na tukafika fainali, sisi na wenyeji. Gemu ya mwisho, wote tumebakiza mweusi, zamu yangu. Nilipiga vizuri, sijisifu. Mweusi ulizama bila kugusa ukingo. Mweupe ukawa unatambaa kuelekea kona, polepole. Usingefika. Nauona mpaka leo nikifumba macho, ungesimama kiganja kizima kabla ya shimo. Mwenzangu akanyoosha mkono, akaudaka, akanigeukia anacheka.

Tukakumbatiana. Wa kwanza kukumbatiana pale ukumbini, na wa mwisho kuelewa. Refa alikuwa ameshanyoosha mkono kuwaelekeza wenyeji.

Kwetu gemu inaisha mweusi ukizama. Kwao haijaisha mpaka mweupe usimame, na ukiugusa unatembea, umeshindwa. Kocha alitufundisha mengi kambini, hilo hakulitaja, maana kwake hakuna mwenye akili anayegusa mpira unaotembea. Sisi nasi hatukuuliza, maana kwetu hakuna mwenye akili anayeuacha.

Nilimfokea mbele ya watu. "Uliona unaingia wapi? Nani kakutuma?"

"Dada," akasema, "mkono ulikwenda wenyewe."

Njia nzima ya kurudi hakula. Tulipofika Mbeya nikamwambia tupitilize Iringa, nitaongea mimi na mzee. Nilijiamini, kwa mdomo huu wangu. Tulifika Jumamosi mchana. Fimbo aliiegemeza nje ya ua, hakuivusha.

Mzee alitupokea kwa heshima zote. Nikamwamkia, akaitika marahaba, tukaletewa chai na viazi. Nikaanza.

"Baba, tulishinda. Mweusi uliingia, ni kanuni zao tu."

"Uliingia?"

"Uliingia, baba."

"Sasa kikombe kiko wapi, mwanangu?"

Ikabidi nieleze habari ya mkono. Mzee akautazama mkono wa mwanawe uliokuwa umeshika kikombe cha chai. "Huyu tangu mdogo mkono unatangulia," akasema. "Sisi tumefumba macho tunaombea chakula, yeye kashatwaa nyama." Nikacheka, nikidhani anatania, nikidhani tumepona. Nilicheka peke yangu.

Sasa hivi mwenzangu yuko Chunya, anachimba dhahabu ambayo haioni. Nikimpigia ananiambia vumbi ni jingi na simu inaishiwa chaji. Sokoni wananiuliza kwa nini haji tena mezani, maana wanamtaka mdakaji wao. Nawajibu kazi zimembana. Habari ya Jumapili ile siwaambii.

Jumapili ile tulikwenda kanisani wote watatu, mzee mbele, sisi nyuma yake. Mwenzangu alikuwa amepiga pasi shati mwenyewe asubuhi. Hakuambiwa chochote, na mtu asiyeambiwa chochote hutumaini, ndiyo ubaya wake. Baada ya mahubiri ukafika wakati wa kutambulisha wageni, na anayetambulisha ni baba yake.

"Tunaye mgeni," mzee akasema, "dada yetu kutoka Mbeya. Asimame tumwone."

Nikasimama, wakanipigia makofi. Na mwenzangu, pembeni yangu, akasimama pia. Hakuna aliyemwita. Alinyanyuka nusu tu, mkono mmoja umeshika benchi la mbele, anamtazama baba yake. Na baba yake alimwona. Naapa alimwona, maana macho yao yalikutana, akayashusha kwenye karatasi yake ya matangazo.

Kisha akaendelea na tangazo la mabati ya nyumba ya mchungaji.

Mwenzangu akabaki hivyo hivyo, nusu amesimama, mpaka nikamvuta shati akakaa.