Usiku Mia Mbili na Tatu wa Janelle

“Karo nalipa mimi, Odessa. Vitabu nanunua mimi.”

“Na kitanda, wifi? Kitanda cha nani?”

Saa tisa alasiri, Verlene Stokes amesimama kwenye ngazi za nyumba yake mjini Toledo, Ohio, bado amevaa sare ya dobi. Wifi yake Odessa, dada wa marehemu mumewe Curtis, yuko kwenye ngazi za nyumba ya pili, mikono kiunoni. Ng’ambo ya barabara, majirani wawili wanafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Wanamgombania Janelle, binti wa Verlene, mwenye miaka ishirini, anayesomea uuguzi. Anayemtunza mwanafunzi wa chuo hupunguziwa kodi ya mapato, na mwenye kipato kidogo hurudishiwa fedha na serikali. Lakini mwanafunzi huandikwa na mtu mmoja tu. Wiki iliyopita ritani ya Verlene, fomu yake ya kodi ya mwaka, ilikataliwa: Janelle ameshaandikwa tegemezi wa mtu mwingine. Kufikia jioni mtaa mzima ulishajua ni nani, na ulishagawanyika.

Odessa hafichi. Anasema alikwenda ukumbi wa kanisa, kwa wale wanaojaza ritani bure.

“Wakaniuliza mtoto analala wapi. Hawakuniuliza nani anampenda.”

Verlene, miaka 52, huanza kazi saa kumi alfajiri. Mashuka ya hospitali tatu hupita mikononi mwake, mengine na damu, kwa dola kumi na tano kwa saa. Mgongo, anasema, ulishaacha kuuma. Sasa umekufa ganzi.

Mambo yaliharibika Januari ya mwaka jana, tanuri la kupasha nyumba joto lilipozimika.

“Nikamwambia Janelle achukue blanketi aende kwa shangazi yake. Wiki moja tu.”

Fundi alitaka dola 3,400. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Janelle alikuwa akirudi kwa mama siku chache chache, zaidi wakati wa kiangazi. Verlene mwenyewe alilala jikoni na koti lake, karibu na hita ndogo ya umeme. Kwa Odessa kulikuwa na kitanda kimoja tu cha ziada.

Verlene naye alikwenda ukumbini, na risiti zote za chuo. Bwana Kowalczyk, mhasibu mstaafu anayejitolea pale, alizisoma moja moja kwa heshima, kisha akamwambia ahesabu usiku: sheria humtambua yule ambaye mwanafunzi amelala kwake zaidi ya nusu ya mwaka.

Usiku wote ulikuwa kwenye kalenda jikoni kwa Odessa. Kila siku atakayolala hapo, Janelle huweka alama mapema, ili shangazi asifunge mlango kwa mnyororo kabla hajarudi. Verlene alihesabu mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Kwa shangazi, 203. Kwa mama, 162.

Zaidi ya dola elfu tano zikaenda hivyo. Ndizo zingetengeneza tanuri na kumaliza deni la chuo. Alizorudishiwa Odessa zilikuwa pungufu ya hizo, na zimeshalipa kodi ya nyumba aliyokuwa akidaiwa.

Sasa Verlene anafanya zamu ya Jumapili pia. Fundi amekubali kuanza kwa dola 900; Verlene anazo 340.

“Julai mosi awe kitandani kwangu,” anasema. “Hapo mpaka Desemba napata nusu ya mwaka na ziada.”

Janelle amemjibu kwamba ataona. Kwa shangazi ni karibu na basi la asubuhi.

“Siogopi serikali,” Verlene anasema, akivua viatu vya kazi. “Naogopa atakuwa ameshazoea.”

Majirani wameingia ndani. Hakuna tena cha kusikiliza. Mlango wa nyumba ya pili unafunguka, harufu ya maharage na mkate wa mahindi inatoka kabla ya Odessa.

“Verlene.” Sauti imeshuka. “Mwanao amepika. Njoo ule.”