Mlango Ulioangalia Mlango

Symphorien alikuwa fundi wa matofali pale Masisi. Alijenga duka la Mgiriki, akajenga jiko la mapadri, akajenga hata choo cha Bwana Ajenti, yule Mzungu kijana aliyeshika posti, kituo cha serikali ya Wabelgiji, miaka ile ya hamsini. Lakini yeye mwenyewe, na mkewe Godelieve na watoto wao, walilala katika kibanda cha majani tena cha kuazima. Mganga hajigangi, wamesema wahenga, na nadhani siku hiyo walikuwa wanamfikiria yeye.

Basi ikatoka amri. Vibanda vya majani vyote viondoke kabla ya mvua. Anayetaka kubaki posti achukue kibali, ajenge nyumba ya matofali kwenye kiwanja atakachopewa. Asiyetaka, arudi kilimani kwao. Kilima cha Symphorien kilikuwa Katoyi, na kule watu walijenga kwa miti na nyasi tangu dunia iumbwe. Fundi wa matofali angefanya kazi gani Katoyi? Angeshika jembe, nalo jembe lilikuwa limekwisha kumsahau.

Akaenda biro, ofisi ya posti, kabla ya wengine kuamka vizuri. Karani alikuwa Edmond, mtu wa Stanleyville, mwenye miwani na maneno mengi. Akatandika mezani ramani aliyoichora Bwana Ajenti mwenyewe: barabara moja iliyonyooka, nyumba huku, nyumba kule, milango ikiangaliana.

"Chako njo hiki," Edmond akasema, akiweka kidole. "Udongo nguvu, maji karibu. Uko na bahati, Papa."

Symphorien akaangalia kile kidole, kisha akaangalia ng'ambo ya barabara pale kwenye ramani. Ng'ambo ile palikuwa na nyumba ya miti na udongo ya Mama Athanasie, mjane, na Athanasie ndiye aliyemzaa Godelieve.

Ninyi wa leo mtacheka, na mcheke tu. Kwa watu wale, mwanaume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanaume anaingia kwenye majani, mama anajifunika kitambaa, kila mmoja anapita kama hakuona kitu. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa. Neno likihitajika, mke analibeba. Tangu amwoe Godelieve, Symphorien hakuwahi kuona kwa Athanasie zaidi ya kisogo chake. Sasa Leta, yaani serikali, inamwambia afungue mlango wake kila asubuhi mbele ya mlango wa yule mama, hadi kufa kwake!

"Hakuna kiwanja kingine?" akauliza.

"Vyote vimeisha. Ju ya nini unakatala?"

Symphorien akaenda, akarudi na mchoro wa nyumba nzuri yenye mlango nyuma, upande wa migomba. Bwana Ajenti akaukata kwa kalamu nyekundu: mlango utazame barabara. Akaleta mwingine, mlango ubavuni. Kalamu ile ile. Hapo ndipo alipomeza aibu, akamwambia Edmond kwa sauti ya chini:

"Mbele pale kuko mama ya bibi yangu."

Edmond alicheka mpaka akavua miwani. "Kwetu mama mukwe anakupa chakula na mukono yake, unakula, unashiba!" Lakini hakuwa mtu mbaya. Akaingia ndani kumweleza mkubwa wake. Akatoka akijikuna kichwa.

"Bwana Ajenti anauliza kama ule mama iko na bukoma."

"Hapana! Mama ni muzima!"

"Basi anasema mulango ni mulango."

Sikio halipiti kichwa. Symphorien akachukua kibali na mlango wake wa mbele, akajenga. Siku zote za kazi aliweka matofali akiipa barabara mgongo. Nyumba ikasimama, imara na nzuri, na mbele ya mlango akasimamisha ukuta wa matete, mrefu kumzidi mtu. Akasema moyoni, haya, mlango upo barabarani kama walivyotaka, na mimi nimejisitiri.

Jumamosi Bwana Ajenti akaja kukagua, maana bila saini yake ya mwisho nyumba si yako. Akayaona matete, akawa mwekundu. Barabara yake si zizi la ng'ombe! Akaamuru yang'olewe pale pale. Kisha Edmond akatafsiri maneno yaliyobaki: Jumatatu atarudi, akute mlango wazi na mtu anaishi kwa mlango wazi, au Symphorien arudi kwao, na nyumba apewe mwingine.

"Weye unaogopa mama yangu kuliko mvua?" Godelieve akamuuliza jioni ile. Alikuwa na hasira, na machozi karibu. Nyumba aliipenda, na mama yake hakutaka avunjiwe heshima, sasa achague?

"Siogopi," Symphorien akasema. "Nitapitaje mbele yake kila siku kama mbwa asiye na haya? Tutaenda Katoyi."

Jumapili walienda misa kwa huzuni. Athanasie hakwenda, alisema mguu unamuuma. Waliporudi, Symphorien akaingia katika nyumba mpya kutoa vyombo vyake vya kazi, avifunge kwa safari. Akafungua mlango atoke navyo, akiangalia vidole vya miguu yake, kama kawaida.

"Symphorien," Godelieve akaita kutoka barabarani. "Inua macho."

"Acha mchezo."

"Inua macho, nakuambia!"

Akainua. Ng'ambo hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta wa miti na udongo, mbichi bado, alama za vidole zikionekana. Yule mama mwenye mguu mbovu alikuwa ameziba mlango wake kwa mikono yake, akatoboa mwingine nyuma, kwenye migomba. Godelieve alizunguka mbio kwenda kumwona, akarudi na ujumbe.

"Mama anasema heshima si utumwa. Anasema tena, ule mulango ulikuwa unaingiza baridi."

Jumatatu Bwana Ajenti akakuta mlango wazi na watoto kizingitini. Akaridhika. Kisha akageuka, akauona ukuta wa ng'ambo, akakunja uso. Edmond, Mungu ambariki, akawahi kusema kwamba ile ni nyumba ya zamani, ya kabla ya ramani, nayo itaachwa mpaka ianguke yenyewe. Saini ikapigwa.

Miaka ikapita. Kila nyama iliyoingia kwa Symphorien, sehemu ilivuka barabara mikononi mwa watoto. Mama Athanasie akienda shamba, Symphorien alipanda juu ya paa lake akaziba palipovuja, akashuka kabla hajarudi. Neno moja hawakusemezana. Lakini kuna asubuhi fundi alisimama mlangoni na kahawa yake, akauangalia ukuta ule. Mimi nina mwanga, alijisemea, na mama wa watu nimemwachia giza.

Athanasie alikufa wakati wa baridi, kwa kifua. Na maiti ya mwenye nyumba haitolewi kwa nyuma, kama kitu cha wizi. Hutoka mbele, watu wakiona. Basi ukuta ulipaswa kubomolewa. Watoto wa kiume wa marehemu, waliokuja kwa msiba, wakashika majembe, lakini Symphorien akawazuia.

"Muniachie. Mi njo fundi."

Akaingia kwa mlango wa migomba, mara yake ya kwanza katika nyumba ile. Mwili ulikuwa chumba cha pili, pamoja na wanawake. Chumba cha mbele kilikuwa giza, isipokuwa sehemu moja. Katikati ya ukuta, chini kidogo, palikuwa na tundu la kutosha yai kupita, lisiloonekana kutoka ng'ambo. Mbele yake kulikuwa na kiti kifupi cha mti. Kingo za tundu zilikuwa laini, zimesuguliwa na kidole mwaka baada ya mwaka.

Juu ya kiti cha mkwe hakukaa. Alipiga magoti, akaweka jicho. Aliuona mlango wake mwenyewe, wazi kabisa. Aliwaona watoto wake kizingitini wanatafuna mahindi, mdogo akimnyang'anya mkubwa. Aliiona pembe ya ukuta ambapo yeye husimama na kahawa yake kila asubuhi.

"Symphorien!" Godelieve akaita kutoka nje. "Watu wanangoja. Kuko nini?"

Symphorien alibaki pale magotini, paji la uso likigusa udongo ule, machozi yakimtoka bila kificho.

"Jambo, Mama," akasema.

Kisha akasimama, akaanza kubomoa kutoka juu, polepole, akaliacha lile tundu mwisho.